Kuku wa nyama kama kipenzi kati ya kuku wa mayai: tathmini ya mfugaji wa nyumbani Arusha

Kuku wa nyama, yule ambaye mitaani tunamwita broila, huuzwa kwa ahadi moja tu: kwamba baada ya wiki tano au sita atakuwa na uzito wa kutosha kuingia jikoni. Tathmini hii inamtazama kwa kazi nyingine kabisa, ambayo muuzaji hakumkusudia, nayo ni kuishi nyumbani kwa muda mrefu kama kuku wa kupendwa katikati ya matetea wa mayai. Ninaye mmoja wa namna hiyo hapa Arusha, jike, ambaye watoto walimpa jina la Bonge kabla hajamaliza kuota manyoya, na anaishi pamoja na kundi dogo la kuku wa mayai wa rangi ya kahawia. Kwa anayeuliza kama jambo hili linafaa, jibu langu ni ndiyo kwa mtu anayeshinda nyumbani na aliye tayari kupima chakula kila siku, na ni hapana, bila kusita, kwa mtu anayetegemea kwamba kuku huyu atajilea mwenyewe kama kuku wa kienyeji.

Ili kumtendea haki ni lazima kwanza kujua ametoka wapi. Asili yake ni mchanganyiko wa kuku wa Cornish wa Uingereza, mwenye kifua kipana na miguu iliyoachana, na kuku weupe wa Plymouth Rock wa Marekani. Mwaka 1948 yalifanyika Marekani mashindano ya kitaifa ya kumtafuta "Kuku wa Kesho", na aliyeshinda ni mfugaji wa California, Charles Vantress, ambaye jina lake limo hadi leo katika kampuni ya Cobb-Vantress ya Arkansas, wenye ukoo wa Cobb 500. Ukoo huo, pamoja na Ross 308 wa kampuni ya Aviagen, ndio unaojaza sehemu kubwa ya maboksi ya vifaranga wa nyama yanayouzwa Afrika Mashariki. Tangu mashindano yale wataalamu hawakuacha kuchagua, kizazi baada ya kizazi, kuku anayekua upesi kuliko wenzake. Matokeo ya uteuzi huo yalipimwa na Chuo Kikuu cha Alberta nchini Kanada katika utafiti uliochapishwa mwaka 2014, ambapo kuku wa ukoo wa mwaka 1957, wa mwaka 1978 na Ross 308 wa mwaka 2005 walilelewa kwa chakula kilekile. Walipofikisha siku 56, wa kwanza walikuwa na wastani wa gramu 905, wa pili gramu 1,808, na wa tatu gramu 4,202.

Namba hizo zinastahili kuangaliwa kwa makini na kila anayetaka kumfanya broila kipenzi, kwa sababu chakula kilikuwa kimoja na tofauti yote ilitoka kwenye damu. Huku mitaani wapo wengi wanaoamini kwamba kuku huyu anafutuka kwa sindano au kwa unga wa dukani, na kwamba ukimwachia uwanjani akachakure majani na wadudu atarudi kuwa kuku wa kawaida. Harudi. Ukimnyima chakula kizuri atadhoofika vibaya, na ukimwachia ale anavyotaka ataongezeka uzito mpaka miguu na moyo vishindwe kuubeba. Kazi yote ya mfugaji imo katikati ya hali hizo mbili.

Wanaolijua jambo hili kuliko watu wote ni watunzaji wa wazazi wa vifaranga hao. Kuku mzazi wa broila hufugwa kwa zaidi ya mwaka ili atage mayai ya kuangua, na muda wote huo hupimiwa chakula, maana akila ashibe atanenepa, atataga ovyo na pengine atakufa kabla ya wakati. Jike mzazi wa Ross 308 hutarajiwa kuwa na uzito wa takriban kilo moja anapotimiza wiki 10, na kilo 2.2 hivi anapofika wiki 20, ilhali mwanawe anayekula bila kizuizi katika banda zuri hukaribia kilo tatu akiwa na wiki sita tu. Mwenye kipenzi hana sababu ya kubuni kanuni yake mwenyewe: aifuate ile ya wazazi, na aianze mapema, kifaranga akiwa na wiki mbili au tatu, kwa kuwa uzito uliokwisha kupatikana ni mgumu sana kuupunguza bila kumtesa ndege.

Hapa ndipo penye ugumu ambao sitaki kuupita haraka. Kuku anayepimiwa hivyo huwa na njaa muda mwingi wa siku, na anayempenda ataiona njaa hiyo kwa macho yake. Bonge humfuata mtu yeyote aliyeshika bakuli, hudonoa vifungo vya viatu, na hurudi mara kwa mara kwenye chombo kilichokwisha kuwa kitupu kana kwamba huenda kimejazwa alipogeuka. Ni rahisi kumwonea huruma na kumwongezea, na kila nyongeza ya namna hiyo inalipwa na magoti yake. Njia niliyoiona kuwa ya kibinadamu zaidi ni kumjaza kwa vitu vizito tumboni lakini vyepesi kwa lishe. Mchicha unaofungwa fundo na kuning'inizwa kwa kamba mahali ambapo inambidi anyooshe shingo, majani ya nje ya kabichi ambayo wauza mboga huyatupa, maganda ya tango, na pumba laini ya ngano iliyoloweshwa kidogo, vyote hivi humpa kazi ya kufanya na huacha gole lake, ule mfuko wa chakula wa shingoni, likiwa limejaa jioni. Sehemu ya chakula chake cha asubuhi huimwaga kwenye maranda badala ya kuiweka kwenye chombo, naye hushughulika kukitafuta mpaka jua linapopanda. Akichakura anatembea, na kutembea ndiyo dawa ya miguu yake.

Kwa jike mzima asiyetaga, gramu 100 hadi 130 za chakula kwa siku, zikigawanywa mara mbili, ni mahali pazuri pa kuanzia, kisha mizani ya uzito ndiyo iamue. Mizani ya jikoni inatosha kupimia chakula, na ile ya kuning'iniza, ambayo wauza nyama na wanunuzi wa mazao huitumia, inatosha kumpimia kuku mwenyewe akiwa ndani ya mfuko wa kitambaa. Mfugaji apime kila wiki siku ileile, kabla ya mlo wa asubuhi. Mimi nisingependa jike avuke kilo tatu na nusu, na akianza kuzikaribia kilo nne nahesabu kwamba hatari imefika mlangoni.

Tatizo la kufuga ndege wa namna hii kati ya kuku wa mayai ni kwamba wenzake hawapimiwi. Tetea wa kisasa wa mayai hutaga karibu yai moja kila siku, na ukimbania chakula mayai yatakatika, kwa hiyo chombo chake kinatakiwa kuwa na chakula mchana kutwa. Vyakula viwili katika banda moja, kimoja cha kushiba na kimoja cha kupimiwa, havikai pamoja bila ufundi. Suluhisho lililofaa hapa nyumbani ni meza ya mbao yenye kimo cha zaidi kidogo ya nusu mita, ambayo juu yake kuna chombo cha chakula cha matetea. Kuku wa mayai wana wepesi wa kutosha kuruka na kula juu, wakati broila hawezi kabisa kuinua mwili wake kimo hicho. Meza peke yake haikutosha, kwa sababu matetea hurushia chakula pembeni kwa midomo wanapochagua punje, na Bonge alijifunza upesi kusimama chini na kungoja mvua hiyo ya unga. Fundi akaongeza ukingo wa ubao wa kimo cha kiganja kuzunguka meza nzima, na chini pakawekwa wavu wa kuzuia mtu mfupi na mnene kuingia uvunguni. Tangu hapo uzito wake ukaanza kutii mizani. Wenye fedha kidogo zaidi wanaweza kugawa banda kwa wavu na kuacha upenyo mwembamba ambao tetea anapita na broila hapiti, lakini upenyo huo unadai kurekebishwa kadiri ndege anavyokua, na meza haidai.

Kuna sababu nyingine ya kumzuia asile chakula cha wenzake, nayo ni chokaa. Chakula cha kuku wanaotaga huwa na kalsiamu ya asilimia 3.5 hadi 4, kwa ajili ya maganda ya mayai, wakati chakula cha kukuzia huwa na takriban asilimia moja. Kuku asiyetaga, awe jogoo, kifaranga au broila wetu, hana pa kuipeleka ziada hiyo, na figo zake ndizo zinazoumia. Chakula cha kumalizia broila nacho hakimfai, kwa kuwa kimetengenezwa kumnenepesha. Kinachomfaa ni chakula cha kukuzia cha kuku wa mayai, chenye protini ya asilimia 15 au 16, na hicho ndicho Bonge anachopimiwa. Wako wafugaji wanaorahisisha mambo kwa kuwalisha kuku wote chakula cha kukuzia na kuweka maganda ya konokono au chokaa ya mifugo katika bakuli la pembeni, ili matetea wajichukulie wenyewe wanapohitaji. Mpango huo unafanya kazi, kwani kuku anayetaga huitafuta kalsiamu kwa hiari yake, ila kwa matetea walio katika kilele cha utagaji mayai hupungua, na sioni haki kundi zima lipunguziwe lishe kwa ajili ya mmoja.

Banda linahitaji mabadiliko machache lakini ya lazima. Matetea hupenda vichanja vya juu, na broila atajaribu kuwafuata, kisha atashuka kwa kishindo kinachoumiza nyayo na viungo. Kwa hiyo mlango wa kupandia vichanja vya juu ufungwe kwake, naye apewe ubao mpana ulioinuliwa kidogo tu kutoka sakafuni, au aachwe alale chini kwenye maranda makavu yenye kina cha sentimita kumi hivi. Sakafu tupu ya saruji haimfai hata kidogo. Anapumzika kwa kuulaza uzito wote juu ya kifua na vifundo, na maranda yakilowa, hewa kali ya mkojo huunguza ngozi ya sehemu hizo mpaka inakuwa nyeusi. Pumba za mpunga zinafaa vilevile, mradi zigeuzwe mara kwa mara na zilizolowa ziondolewe siku hiyohiyo.

Kila wiki, wakati wa kumpima, ninamgeuza na kutazama nyayo. Unachotafuta ni doa jeusi gumu katikati ya unyayo, lenye uvimbe na joto kulizunguka. Ni jipu linaloanzia kwenye mkwaruzo mdogo ulioingiwa na bakteria, na kwa ndege mzito huwa sugu sana likichelewa kutibiwa. Likiwa changa, maji ya chumvi ya vuguvugu, dawa ya majeraha na bandeji, pamoja na kumweka kwenye malalo laini, huweza kulimaliza. Likikomaa, aitwe mtaalamu wa mifugo, na mfugaji asijaribu kulipasua mwenyewe kwa wembe. Sehemu ya nyuma nayo ikaguliwe, kwa sababu broila hawezi kujigeuza kujisafisha kama wenzake, kinyesi hushikamana na manyoya, na wakati wa mvua nzi hutaga humo. Maji ya uvuguvugu na taulo kavu vinatosha. Yeye mwenyewe hutulia mikononi wakati wote wa kuoshwa, jambo ambalo sijapata kuliona kwa tetea yeyote wa mayai.

Kuhusu moyo na mapafu, mahali unapoishi ni jambo zito. Mwili unaokua kwa kasi unadai hewa nyingi, na mapafu ya kuku hayatanuki kama yetu. Moyo hulazimika kusukuma damu kwa nguvu kupitia mishipa midogo ya mapafu, upande wake wa kulia huchoka, na maji huanza kujikusanya tumboni. Ugonjwa huu, ambao wafugaji wengi huuita maji tumboni, ulijulikana kwanza katika nyanda za juu za Amerika ya Kusini, kwa kuwa kadiri unavyopanda ndivyo hewa inavyokuwa nyepesi, na baridi huongeza mzigo kwa sababu mwili unatumia hewa zaidi kujipasha joto. Arusha iko karibu mita 1,400 kutoka usawa wa bahari, na baridi ya Juni na Julai si ya kudharauliwa. Miezi hiyo Bonge hulala katika sehemu iliyozibwa upepo kwa mifuko ya salfeti, pakiachwa nafasi juu ya kutolea hewa chafu, na ninautazama upanga wake, ile nyama ya utosini, kila asubuhi. Upanga mwekundu ni salama. Ukigeuka kuwa wa samawati au zambarau, huku ndege akihema mdomo wazi wakati hakuna joto, hali ni mbaya. Kwa wakazi wa Njombe, Limuru au Eldoret, ambako ni juu zaidi na baridi ni kali zaidi, kusema kweli ningewashauri wasijaribu.

Wakazi wa pwani hawana shida hiyo, wana ya joto. Kuku hatoki jasho, hupoza mwili kwa kuhema na kunywa maji, na aliyefunikwa kwa nyama nene kifuani hupata shida kubwa Dar es Salaam au Mombasa kati ya Desemba na Machi. Huko chakula kitolewe alfajiri na jioni tu, maji ya baridi yasikosekane, na kivuli cha mti ni bora kuliko bati lolote.

Sasa nije kwenye kundi. Nilipenda kuona kwamba ukubwa haumpi ndege cheo. Kuku hupangana kwa kudonoana, na katika mpangilio huo anayeshinda ni mwepesi na mkali, sifa mbili ambazo broila hana. Bonge anakaribia kuwa na uzito maradufu ya tetea yeyote aliyepo, na bado yuko chini ya wote. Tetea mmoja mwenye shingo nyembamba humwondoa kwenye kivuli kwa kumtazama tu. Kwa siku za kawaida jambo hilo halina madhara, kwa kuwa cheo kikishakubalika ugomvi huisha. Hatari inakuja pale anapopata jeraha. Tetea aliyeumizwa hukimbia na kujificha, lakini broila hubaki palepale, na kuku wakiona damu hawaachi kudonoa. Ndiyo maana nashauri pawepo sehemu ndogo yenye wavu ambamo anaweza kutengwa huku wakiendelea kuonana, maana akiondolewa kabisa kwa siku nyingi kundi humsahau, na akirudi hupokewa kama mgeni. GV, ile dawa ya rangi ya zambarau, husaidia mara mbili, kwa kutibu jeraha dogo na kwa kuficha wekundu wake.

Njia iliyo rahisi kuliko zote ni kuwalea pamoja tangu utotoni, mradi vifaranga wa mayai wawe wamemtangulia wiki mbili au tatu, ili wasikanyagwe atakapowapita kwa ukubwa. Jogoo asiwepo, au akiwepo awe mdogo wa umbo, kwa kuwa jogoo mzito humvunja mgongo jike asiyeweza kukimbia. Kwa sababu hiyohiyo sishauri kufuga broila dume kati ya matetea wa mayai. Dume hukua zaidi, huharibikiwa miguu mapema zaidi, na akipevuka huwaumiza wenzake kwa uzito hata asipokuwa mkali.

Adui wa nje nao wanamtambua. Manyoya meupe yanaonekana kutoka mbali, na mwewe hachagui mwenye mbio anapomwona asiye nazo. Nguchiro na kicheche ni hivyohivyo. Uwanja wake uwe na wavu juu, au atoke tu wakati kuna mtu.

Chanjo haina mjadala. Kideri, ambacho wengine hukiita mdondo, kinaweza kufyeka kundi zima kwa siku chache, na chanjo ya tone la jicho inayostahimili joto, ambayo hapa kwetu inatengenezwa Kibaha na Wakala ya Maabara ya Veterinari Tanzania, hutolewa kila baada ya miezi mitatu. Kwa broila aliyekusudiwa kuishi, kuna la kuuliza zaidi dukani: je, alichanjwa Mareki, ugonjwa wa virusi unaopoozesha kuku, siku aliyoanguliwa? Vifaranga wa mayai huchanjwa kwa kawaida, wa nyama mara nyingi hawachanjwi, kwa kuwa wanatarajiwa kuchinjwa kabla ugonjwa haujajitokeza, na chanjo hiyo ikipitwa na siku zake za mwanzo haina tena faida kubwa.

Baada ya yote hayo mtu anaweza kuuliza kwa nini ajisumbue. Jibu liko kwenye tabia. Kuku wa mayai ni wachangamfu, wana akili ya upesi, na humzoea mtu anayewalisha, lakini wengi wao hawapendi kushikwa. Broila hutafuta kushikwa. Ukikaa kwenye kigoda uwanjani, Bonge huja kwa mwendo wake wa kuyumba, huegemea kifundo cha mguu wako, kisha hujishusha taratibu mpaka kifua kinagusa ardhi, na hapo hufumba macho huku akitoa sauti ndogo ya kooni ambayo kuku huitoa akiwa ametulia. Watoto wadogo wanaoogopa kuku kwa sababu ya mbio na makelele yao humkaribia yeye bila woga. Mzee asiyeweza tena kuinama humfurahia kwa sababu haitaji kufukuzwa wala kukamatwa. Sijaona ndege mwingine wa kufugwa mwenye upole wa kiwango hicho, na upole huo ndio unaonifanya nimsifu pamoja na gharama zake zote.

Mayai pia yapo, ingawa si sababu ya kumfuga. Jike aliyepimiwa chakula vizuri huweza kuanza kutaga akiwa na miezi sita hivi, mayai makubwa ya rangi hafifu ya kahawia, kwa idadi ndogo kuliko ya matetea. Aliyenenepa kupita kiasi hutoa viini viwili, mayai yasiyo na ganda, na hata kutokwa na kizazi, kwa hiyo mayai yake ni kipimo kingine cha kama mizani inafuatwa. Kiota chake kiwe sakafuni.

Majirani watauliza, "Mama, huyu mnamchinja lini?" na hawaulizi kwa ubaya. Kwa desturi yetu kuku ni kitoweo cha mgeni, na broila ni kitoweo kuliko wote. Mimi huwajibu kwamba huyu anaishi, na wengi hucheka kisha huomba kumshika. Hata hivyo mwenye kipenzi cha namna hii awe amekwisha kuamua mapema atafanya nini siku miguu itakapokataa. Wapo wanaofika miaka kadhaa, lakini wengi hawafiki umri wa matetea waliolelewa nao, na wengine huanguka ghafla wakiwa wanaonekana wazima. Ndege aliyeshindwa kusimama, anayejikokota kwa mbawa kwenda kwenye maji, asiachwe katika hali hiyo kwa kisingizio cha mapenzi. Mwenye kuku amwite mtaalamu wa mifugo, au mtu mwenye mkono wa uhakika, na jambo limalizwe haraka. Aliyepewa dawa asiliwe kabla muda ulioandikwa kwenye dawa haujapita.

Anayetaka kuku mkubwa na mpole lakini asiyetaka mizani kila wiki anaweza kutazama Sasso au Kuroila. Hao ni chotara wanaokua taratibu zaidi, wana miguu imara, hutaga vizuri, na hutembea uwanjani siku nzima. Hawana ule utulivu wa mikononi, lakini watu wanaotoka kazini jioni wanafaa zaidi kwa hao kuliko kwa broila.

Anayebaki na nia yake asinunue kifaranga wa siku moja, kwa kuwa wa nyama huuzwa bila kutenganishwa jinsia. Aende kwa mfugaji wa jirani mwenye kundi la wiki ya tatu au ya nne, afike asubuhi kabla ya chakula, na akae pembeni atazame nani anakimbilia chombo na nani anabaki amelala. Achague mwenye upanga mdogo na miguu myembamba kuliko wenzake, maana huyo yaelekea ni jike; awe miongoni mwa wadogo kwa umbo, mwenye vidole vilivyonyooka, tumbo lisilovimba na kinyesi kisichoshika manyoya. Amtembeze hatua kadhaa sakafuni kabla ya kulipa. Mfugaji wa biashara atashangaa kuona mteja anachagua mdogo, na huenda hata akapunguza bei.